Kifaa cha Kukatika Pumzi Usingizini na Usalama wa Maambukizi Wakati wa Mlipuko: Maswali Tunayoulizwa Sana Malindi na Lamu

Ukurasa huu ni wa watu wa Malindi, Lamu na vijiji vya katikati ambao hukatika pumzi wakilala, na ambao daktari amewaelekeza kwa daktari wa meno watengenezewe kifaa cha kuvaa usiku. Maswali haya yalianza kumiminika wakati wa korona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ile imekwisha, lakini maswali hayakwisha. Kila ukipita uvumi wa ugonjwa mpya mjini, simu zinaanza tena: je, nije au nisije? Nafanya kazi kwenye chumba cha meno hapa Malindi, na nimeyajibu hapa kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu.

Kukatika pumzi usingizini ni nini hasa, na meno yanaingiaje?

Mtu akilala, misuli ya koo na ulimi hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea mpaka njia ya hewa inaziba. Kifua kinavuta, hewa haiingii, oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka na kumwamsha kidogo, anavuta pumzi kwa kishindo kisha analala tena. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, linahesabiwa tukio moja. Matukio 5 mpaka 15 kwa saa ni hali nyepesi, 15 mpaka 30 ni ya wastani, zaidi ya 30 ni kali. Mwenyewe mara nyingi hajui. Anayejua ni mke, mume, au mtoto anayelala chumba cha pili.

Ulimi umeshikana na taya la chini. Taya likivutwa mbele kwa milimita chache, ulimi nao unasogea na koo linafunguka. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na kifaa tunachotengeneza: vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja juu kimoja chini, vilivyounganishwa ili taya lisirudi nyuma usiku kucha. Lakini ugonjwa wenyewe hupimwa na kuthibitishwa na daktari wa tiba, kwa kipimo cha usingizi. Daktari wa meno asikutengenezee kifaa kwa kusikia tu kwamba unakoroma.

Kwani kila anayekoroma ni mgonjwa?

La. Anayekoroma, akanyamaza kimya cha kutisha, kisha akashtuka kama aliyekuwa akizama, huyo akapimwe. Vivyo hivyo anayesinzia mchana kwenye gari au barazani ingawa usiku alilala kwa muda wa saa nane.

Wakati wa mlipuko kiti cha meno kinasemwa kuwa mahali pa hatari. Ni kweli?

Ni kweli kwa baadhi ya kazi. Virusi vya korona vilikuwa vimejaa kwenye mate. Mashine ya kutoboa jino inazunguka kwa kasi kubwa huku ikinyunyiza maji, na mashine ya kukwangua ukoko wa meno hutetemeka na kutoa ukungu. Mate yanachanganyika na ule ukungu, yanaelea hewani, na anayevuta hewa hiyo anavuta pamoja nayo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, tarehe 3 Agosti 2020, lilishauri kwamba mahali ambapo korona inasambaa ndani ya jamii, kazi za meno zisizo za haraka ziahirishwe, na kazi za kutoa ukungu zipunguzwe kadiri inavyowezekana.

Kutengeneza kifaa cha usingizi kwa kawaida hakuhitaji kutoboa chochote. Kwa hiyo hofu ya ukungu, ambayo ndiyo kubwa zaidi, kwenye kazi hii ni ndogo. Hatari iliyobaki ni ya namna tatu. Kwanza, mgonjwa amefungua mdomo na mtu ameinama karibu yake kwa dakika kadhaa. Pili, trei ya kuchukulia chapa, yaani umbo la meno, ikifika nyuma ya mdomo baadhi ya watu hutapika kidogo au kukohoa, na kikohozi hakiombi ruhusa. Tatu ni vitu vinavyotoka kinywani vikiwa vimelowa mate na kusafiri. Hiyo ya tatu ndiyo naiona imesahauliwa zaidi, na nitaieleza kwa kirefu.

Chapa ya meno yangu inapelekwa maabara Mombasa. Mate yangu yanasafiri nayo?

Yakiachwa, yanasafiri.

Fuata safari yenyewe. Trei inajazwa unga wa pinki uliokorogwa na maji, au ute mzito wa silikoni, inaingizwa kinywani, inaganda, inatoka na umbo la meno yako. Trei hiyo ina mate, na kama ufizi wako una uvimbe, ina damu pia. Kutoka hapo inashikwa na msaidizi, inafungwa, inapewa mtu wa kupeleka, inapanda gari, inashuka, na inafunguliwa na fundi wa maabara ambaye hajawahi kukuona. Kifaa kikikamilika kinarudi njia ile ile na kuingia kinywani mwako. Vipimo vya maabara vya mwaka 2020 vilionyesha kwamba virusi vya korona vinaweza kubaki hai juu ya plastiki kwa siku mbili mpaka tatu. Tena kabla ya korona palikuwa na homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake hukaa nje ya mwili kwa siku saba na zaidi. Mlipuko haukuleta hatari hii. Umetufungua macho tu.

Utaratibu unaotakiwa si mgumu. Chapa ikitoka kinywani ioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka mpaka mate na damu viondoke, kwa sababu dawa haiui vizuri kilichojificha chini ya uchafu. Kisha inatiwa dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi kama dakika 10, inasuuzwa tena, inatiwa kwenye mfuko unaofungika, na mfuko unaandikwa kwamba imeshatiwa dawa, ni dawa gani na saa ngapi. Bila maandishi hayo fundi hulazimika kukisia: aitie dawa tena na kuiharibu, au aiache na kuhatarisha mikono yake.

Chapa ya unga wa pinki ina tatizo lake. Ikilowekwa muda mrefu inavimba, ikiachwa wazi inanywea, na kifaa kitakachotoka hakitakukaa. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa Lamu, au yeyote ambaye mzigo wake una safari, mimi napendelea moja kati ya mambo mawili. Tutumie silikoni, ambayo inavumilia dawa na safari, au tumimine plasta hapa hapa, na kinachosafiri kiwe sanamu kavu ya meno badala ya chapa yenyewe.

Kuna kitu kimoja zaidi: kile kipande unachong'ata ili kupima taya lisogee mbele kiasi gani. Nimeona mara nyingi chapa imetiwa dawa kwa uangalifu, na kipande cha kung'ata kimetumbukizwa kwenye mfuko ule ule kikiwa na mate yake. Kwenye kliniki moja nilikopita zamani, niliwahi kukuta chapa mbichi zimefungwa kwenye karatasi za gazeti kama samaki wa kukaanga, tayari kupanda gari. Yule kijana wa kuzibeba hakuwa hata na glavu. Sikulala vizuri usiku ule.

Una haki ya kuuliza: "Daktari, chapa yangu imetiwa dawa gani kabla ya kwenda?" Daktari mzuri hakasiriki.

Nasikia kuna kamera ya kupiga picha meno badala ya chapa.

Ipo. Ncha yake inaingizwa kinywani, inapiga picha, na picha zinatumwa maabara kwa intaneti. Hakuna kitu chenye mate kinachosafiri kwenda, na mwenye koo jepesi hapati kichefuchefu sana. Ila ncha ile lazima isafishwe kwa mvuke kila baada ya mgonjwa, au iwe na kifuniko cha kutumia mara moja. Na kifaa kinachorudi kutoka maabara bado kinahitaji kuoshwa na kutiwa dawa kabla ya kukijaribisha kinywani.

Nikiingia kliniki wakati wa mlipuko, niangalie nini?

Anza kwenye simu, kabla hujaondoka nyumbani. Wanakuuliza kama una homa, kikohozi, au mgonjwa nyumbani? Wasipouliza, wewe waambie. Ukiwa na dalili, ahirisha. Kifaa hiki kinaweza kusubiri wiki mbili, na hakuna atakayekulaumu.

Ukifika, tazama watu wamekaaje. Baraza iliyo wazi yenye upepo ni bora kuliko chumba cha kusubiri kilichofungwa chenye viti vya sofa. Ndani, daktari na msaidizi wawe na barakoa, kinga ya macho, na glavu mpya wanazovaa mbele yako baada ya kunawa mikono. Trei za chuma na vyombo vinavyorudiwa vitoke kwenye pakiti zilizofungwa zilizopita kwenye mtungi wa mvuke wa shinikizo. Nyuzi joto 121 kwa dakika kama 15 hadi 20, au nyuzi 134 kwa dakika 3 na zaidi, ndizo zinazoua hata mbegu ngumu za vijidudu. Pakiti huwa na alama inayobadilika rangi ikipata joto. Omba uonyeshwe.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawaliangalii. Kifaa kikibana mahali, daktari hukichonga kidogo. Kisichongwe kikiwa kimetoka kinywani moja kwa moja, kwa sababu vumbi la plastiki linaruka pamoja na mate yako. Kwanza kioshwe na kitiwe dawa, kisha kichongwe mbali na kiti, penye kinyonya vumbi.

Si bora kliniki yenye AC?

Kwa joto letu la mwezi wa pili naelewa kwa nini unauliza. Lakini AC ya ukutani kwa kawaida huzungusha hewa ile ile iliyomo chumbani na kuipoza. Haileti hewa mpya. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 ulishauri AC za namna hiyo ziepukwe kwenye vyumba vya meno. Dirisha linalopokea upepo wa bahari na jingine la kuutolea nje lina faida zaidi. Muhimu ni upepo unakoelekea: utoke kwa wahudumu kupitia kwa mgonjwa mpaka nje, usitoke kwa mgonjwa ukaishia kwa waliokaa kusubiri. Kusi na kaskazi haviji upande mmoja, kwa hiyo mpangilio uliofaa Julai huenda usifae Januari.

Kwa nini nilipewa dawa ya kusukutua kabla ya kuanza?

Ili kupunguza virusi kwenye mate kwa muda mfupi. Wakati wa korona ilishauriwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1 au povidoni ayodini ya asilimia 0.2, kwa sekunde 20. Usiimeze. Kama una ugonjwa wa tezi ya shingo, una mzio wa ayodini, au una mimba, sema kabla ya kupewa hiyo ya pili. Wala isimfanye daktari avue barakoa.

Kati ya kifaa cha kinywani na mashine ya kusukuma hewa, kipi salama zaidi wakati wa mlipuko?

Mashine ya kusukuma hewa, ile inayoitwa CPAP, inapuliza hewa kwa shinikizo kupitia barakoa maalumu ili koo lisizibe. Barakoa hiyo ina vitundu vya kutolea pumzi unayotoa. Ukiwa na ugonjwa wa kuambukiza kwa njia ya hewa, vitundu hivyo vinaweza kusambaza virusi chumbani. Kwa sababu hiyo, mwaka 2020 chama cha Marekani cha madaktari wa meno wanaotibu usingizi kilishauri kifaa cha kinywani kipewe nafasi ya kwanza wakati wa janga. Kifaa hakisukumi hewa, kinaoshwa kwa urahisi, na hakihitaji umeme. Hilo la umeme, kwa sisi tunaozimiwa stima usiku wa manane, si jambo dogo.

Lakini naomba nieleweke. Kama hali yako ni kali na umepewa CPAP, usiiache kwa sababu ya kusoma ukurasa huu. Mashine hupunguza kukatika pumzi kuliko kifaa. Tena wengi wenye ugonjwa huu wana pia uzito mkubwa, kisukari au presha, na hao ndio korona iliwaelemea zaidi. Kumwondolea mtu kama huyo tiba yake ya usiku kwa hofu ya virusi ni kumtoa kwenye jua na kumtia motoni. Zungumza na daktari wako kwanza.

Mume wangu anatumia CPAP na sasa ana homa na kikohozi. Tunalala chumba kimoja.

Pole, bibie. Yeye aendelee na mashine kama daktari hajasema vingine, lakini alale chumba peke yake, mlango ufungwe na dirisha la nje liwe wazi. Kama nyumba ni chumba kimoja, wewe na watoto laleni ukumbini au kwa jirani ambaye hana mzee wala mgonjwa. Asubuhi mwache akae nusu saa na dirisha wazi kabla hujaingia, na uvae barakoa. Barakoa ya mashine ioshwe kila siku kwa maji na sabuni laini, na tangi lake litiwe maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotoneshwa.

Msinunue vile visanduku vya kusafishia kwa gesi ya ozoni vinavyouzwa mtandaoni. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita mamilioni ya mashine zake zirudishwe kwa sababu sponji ya ndani ilikuwa ikimomonyoka, na usafishaji wa ozoni ulitajwa kuwa miongoni mwa mambo yanayoiharakisha.

Nyumbani nakioshaje kifaa changu?

Asubuhi, mara tu ukikitoa, kabla mate hayajakauka. Nawa mikono, kisha kisuuze kwa maji baridi na ukisugue ndani na nje kwa mswaki laini wa peke yake na sabuni ya maji isiyo kali. Dawa ya meno usitumie. Ina chembe zinazokwaruza plastiki, na vijidudu hupenda kukaa kwenye mikwaruzo. Maji ya moto pia usitumie, yatakipinda na hakitakukaa tena. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, maliza kwa kukisuuza na maji ya kunywa.

Kikauke kivulini, kisha kiwekwe kwenye kisanduku chake chenye matundu. Usikiache dirishani juani, na usikiache wazi hata kidogo. Paka wa Lamu hawana mpaka, na mbwa hukitafuna kwa sababu ya harufu ya mate.

Jik je?

Kwa meza, sinki na vitasa, ndiyo: Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji, inakupa asilimia 0.1 inayotosha baada ya kupangusa uchafu. Kwa kifaa cha kuingia kinywani, hapana, inaharibu chuma na plastiki yake. Tumia vidonge vya kusafishia meno ya bandia vilivyopendekezwa na daktari wako, mara moja au mbili kwa wiki, kisha suuza sana.

Nimepona korona. Nikitupe kifaa?

Usikitupe, ni ghali. Kioshe kama kawaida, kitie kidonge cha kusafishia, osha kisanduku kwa maji na sabuni, na ubadilishe mswaki. Virusi vilivyokuwa juu yake vilikuwa vyako mwenyewe. Wa kulindwa ni wenzako: kifaa kisikae kwenye kikombe kimoja na miswaki ya watoto.

Naishi Lamu. Lazima nivuke kila mara?

Si kila mara. Kupima, kuchukua chapa na kujaribisha kifaa vinahitaji uwepo wako. Kukisogeza kifaa mbele kwa milimita zaidi kwa ufunguo wake mdogo, kueleza maumivu ya taya la asubuhi, kutazama kama ufizi umechubuka, vyote vinafanyika kwa simu na picha zilizopigwa penye mwanga wa jua. Tulijifunza hivyo kwa lazima: kuanzia tarehe 8 Aprili 2020 kaunti za Kilifi, Mombasa na Kwale zilifungwa, mizigo ikapita lakini abiria hawakupita. Ukilazimika kusafiri wakati wa mlipuko, jaribu kuunganisha shughuli mbili kwa safari moja, kwenye boti ya Mokowe kaa upande wa upepo, na kwenye basi fungua dirisha.

Na Ramadhani?

Kifaa kinavaliwa usiku, kwa hiyo hakigongani na saumu. Kitoe wakati wa daku, kula, piga mswaki, na ukilala tena kivae kikiwa safi na kikavu. Miadi ya kuchukua chapa iombe baada ya futari kama kliniki inafungua jioni, kwa sababu unga ule huwa na ladha na wengine humeza bila kukusudia. La saumu yenyewe muulize sheikh wako.

Ufizi wangu unatoka damu. Naweza kupata kifaa?

Ufizi utibiwe kwanza. Kifaa hushika meno na kuyavuta usiku kucha. Meno yaliyolegea yatazidi kulegea. Na hapa ndipo ule ukungu unaporudi, kwa sababu kukwangua ukoko kwa mashine kunautoa kwa wingi. Wakati wa mlipuko mwombe daktari atumie vifaa vya mkono pale inapowezekana. Kazi inachukua muda zaidi na mkono unachoka, lakini chumba kinabaki na hewa safi.

Kaka yangu ana kifaa asichokitumia. Nikichukue?

Hapana, hata kikichemshwa. Kimechongwa kwa meno yake, kitakusukuma meno yako mahali pasipo pake. Hata hivi vya kulainisha kwa maji ya moto na kung'ata, vinavyouzwa mtandaoni, havishiki taya vizuri na vina mianya mingi ya kuficha uchafu.

Kifaa kimepasuka. Nakirejeshaje kliniki?

Kioshe kama kawaida, kitie kidonge, kisuuze, kikauke kabisa. Kiweke kwenye kisanduku chake, siyo kwenye bahasha wala mfukoni mwa kanzu, na kipande kilichovunjika ukitie humo humo. Andika kwenye karatasi jina lako, siku ulipokiosha, na kama kuna mgonjwa nyumbani. Bandika karatasi nje ya kisanduku, ili atakayekipokea aisome kabla ya kufungua.